Kilo Nne na Robo

Nilipanda mizani ya bafuni nimeikumbatia,
kisha nikapanda peke yangu, nikatoa:
kilo nne na robo.
Saumu, mlangoni, mswaki mdomoni:
"Tabia alizaliwa na tatu na nusu,
wala sikumbuki ukimpima mara tano."

Miezi kumi na mmoja ndani ya gereji, Thunder Bay,
gari likilala nje chini ya theluji kwa ajili yake.
Mwili ni benchi la uwanja wa barafu, lililotupwa
nyuma ya shule, limejaa majina ya kisu.
Nikapitisha randa. Yakaondoka yote ila moja,
DALE,
limezama kuliko subira yangu.
Nikamwacha.

Shingo ni mti ule wanaougema huku
barafu ikianza kulegea,
wakachemsha maji yake usiku kucha hadi yawe asali.
Veikko wa jirani alileta ubao begani,
akasema umekauka tangu mkewe yu hai.
Hakuongeza neno. Nami sikuuliza bei.

Tundu la kwanza la skrubu lilitokea upande wa pili.
Gundi ilinikamata kidole cha shahada,
nikaenda mezani na kipande cha mbao,
nikala ugali kwa mkono wa kushoto, Mungu anisamehe.
Januari hewa ikakauka, shingo ikanywea,
mataruma ya shaba yakachomoza kingoni:
kila nikipanda kutafuta noti ya juu
yananiparura kama paka asiyetaka kubebwa.
Nikayapiga tupa moja moja, yote ishirini,
redio imezimwa,
pua inachuruzika.

Besi haina uso.
Garnet akipiga solo hufumba macho
na ukumbi mzima hufumba naye.
Mimi ni kile kikaratasi kilichokunjwa
chini ya mguu wa meza.

Jumamosi tulikuwa klabu ya wasukuma mawe barafuni,
Bwana na Bibi Kowalchuk, miaka hamsini ya ndoa,
maputo ya dhahabu, keki yenye picha yao wangali na nywele.
Wimbo wa nne, ubeti wa pili, lehemu yangu,
ile niliyojisifia kwa simu hadi Muheza,
ikaachia.

Lorraine hakukosea pigo. Garnet hakukosea uzi.
Lakini sakafu ilikuwa kama imeondolewa ngazi moja.
Wazee wakapunguza hatua, wakatazamana;
mmoja akainua mguu akakagua kiatu,
akidhani kisigino kimeng'oka.
Hakuna aliyenitazama mimi.

Nikaibana plagi kwa nyonga, nikaitafuta pembe yake,
huku, hapana, huku,
uzi mnene ukaguna,
na Bibi Kowalchuk akarudi kifuani kwa mumewe
bila kujua kwamba alikuwa ametoka.

Nyimbo kumi na tatu zilizobaki nilizipiga nimepinda hivyo,
kama mtu aliyebanwa na mkojo.

Malipo: dola arobaini, toa mafuta,
na sahani ya nyama na wali
vilivyofungwa ndani ya jani la kabichi.
Bibi mwenyewe alikuja kunishika mkono,
mkono wake mkavu, mwepesi, una pete inayocheza.
"Yule mama wa ngoma," akasema,
"leo amenichezesha mpaka magoti yamesahau."
"Ni hodari," nikajibu.
Na kweli ni hodari.

Nje, digrii ishirini na nane chini ya sifuri.
Baridi hii hupasua vanishi kama ganda la yai.
Nikawasha gari, nikaliacha lingurume,
nikasimama nikihesabu vidole ndani ya glavu.
Garnet, spika kifuani, akauliza
mbona nachoma petroli bure.

"Namngoja Dale," nikamwambia.
"Hatoki mpaka kiti kipate joto."